Diski ya Ramani Yapata Anwani

Kila asubuhi mchoraji wa ramani za nyumba alipowasha kompyuta yake, diski ya kazi ilikuwa imepigwa alama ya X nyekundu. Diski yenyewe haikuwa ndani ya kompyuta. Ilikaa kwenye kisanduku cheusi juu ya kabati, kikubwa kama tofali, na humo mlikuwa na kila nyumba aliyoichora kwa miaka kumi na moja. Aliyekifunga ni binti yake, ambaye baba alimpachika jina la Kifutio, maana tangu utotoni hakuweza kuona mstari uliopinda akauacha.

Kifutio aliondoka miaka miwili nyuma, akaenda kuchora ramani ng'ambo. Baba mtu alinuna, hata kumsindikiza mlangoni hakutoka. Tangu hapo binti alizungumza na mama yake tu. Simu ikilia jikoni, mchoraji aliweka kalamu chini akatega sikio. Akisikia mkewe anasema, "Yupo, mzima," alijua ni yeye aliyeulizwa. Kisha maneno yakahamia kwenye bei ya mapazia.

Ile X aliizoea; akiibonyeza, diski ilifunguka. Lakini wiki tatu zilizopita umeme ulikatika, na uliporudi diski haikuonekana kabisa. Akabahatisha namba za anwani yake, ikaonekana, kesho yake ikapotea tena. Siku ilipokatika katikati ya kuhifadhi na kummezea kazi ya asubuhi nzima, mkewe alimwambia, "Mume wangu, mwite fundi. Kununa hakuhifadhi faili."

Akaja Bi Waya, fundi wa mtandao wa mtaa wa pili, mama mnene mcheshi mwenye bisibisi nyuma ya sikio.

"Kompyuta yako ina kiherehere," alisema baada ya kupekua kidogo. "Inaamka, inaita diski kabla mtandao haujafika. Isipoitikiwa, inasusa. Halafu kila umeme ukikatika, rauta, ile inayogawa mtandao, inakipa kisanduku anwani mpya. Wewe unabisha hodi nyumba ambayo mwenyewe kashahama."

"Dawa yake?"

"Kisanduku nakirudishia anwani yake ya zamani, iwe ya kudumu. Kompyuta naifundisha kusubiri mtandao." Akabonyeza hapa na pale, kisha akasita. "Na huyu Kifutio ni nani?"

Mchoraji alisogeza kiti. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya walioingia kwenye kisanduku. Kifutio, Ijumaa, saa nne asubuhi. Kifutio, Ijumaa iliyotangulia. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka miwili, bila kuruka hata wiki moja, mpaka wiki tatu zilizopita. Kila mara alifungua ramani ambazo baba alichora wiki hiyo, moja moja, akatoka.

"Mbona wiki tatu hizi hayumo?" aliuliza mchoraji.

"Njia yake ya kuingilia kutoka nje ilielekezwa kwenye anwani ya zamani. Alikuwa anagonga, hakuna wa kumfungulia. Sasa pako wazi."

Bi Waya alipoondoka, mchoraji alikaa akitazama ile orodha. Miaka miwili alidhani anachora peke yake.

Ijumaa ilipofika alishinda mezani. Saa nne, saa tano, adhuhuri. Hakuingia mtu. Pengine amekata tamaa, alijisemea. Hakumwambia mkewe, angeanzia wapi?

Wiki hiyo alichora ngazi ya nyumba ya ghorofa, akaifuta mara nne. Pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika: "Unaionaje, mwanangu?"

Ijumaa ya pili, saa nne na dakika sita, jina lilitokea. Kifutio alifungua ngazi. Dakika ishirini nzima hakuifunga. Alipotoka, mchoraji aliifungua haraka. Chini ya swali lake palikuwa na mstari mmoja: "Kipandio cha tisa kimezidi sentimita mbili, Baba. Mtu atajikwaa."

Akapima. Kweli, kimezidi. Alicheka mpaka machozi yakamlenga, akainuka, akaenda jikoni.

"Leo akipiga," alimwambia mkewe, "usikate kabla hujanipa."

Mkewe aligeuka, mwiko mkononi. "Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitaanza na ngazi."