Kurasa Mbili za Bwana Vidole

Fundi wetu hakuwa mtu wa kubabaishwa na kitabu. Kwa miaka ishirini alikuwa amejalidi kamusi zilizotafunwa na panya na vitabu vya mapishi vilivyotumbukia sufuriani. Lakini mchana ule wa manyunyu, wifi yake alipotoa kitabu chembamba mfukoni na kukiweka mezani, aliweka sindano chini.

Kilikuwa kile kisa cha Bwana Vidole, aishiye kabatini na kuhesabu watoto waliolala. Kilikuwa mali ya kaka yake, aliyezikwa miezi minne nyuma. Nyumba nzima ilimwita Komando.

"Nimekikuta chini ya mashati yake," wifi alisema. "Binti yangu hakiachi. Ila kurasa mbili zimegandana, basi roho haitulii."

Binti mwenyewe, wa miaka saba, alikuwa keshapanda kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Hazikugandana zenyewe," fundi akasema. "Baba yako alizibandika kwa gundi ya unga, akiwa na miaka tisa. Aliniambia pana picha mbaya, na mimi bado mdogo."

Kila jioni Komando alimsomea mdogo wake, na akifika pale alifunga macho, akatunga mwenyewe. Siku moja Bwana Vidole aliumwa jino. Siku nyingine alikwama kwenye mkono wa sweta, akalia kama mtoto wa paka. Alisoma kitandani huku ameegemea kabati, mdogo wake akiwa salama upande wa ukutani.

"Alikuwa haogopi kitu," fundi akamalizia.

Wifi alicheka kidogo. "Huyo Komando wako alikuwa halali taa ikizimwa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sijawahi kulala gizani."

"Alipenda kusoma tu."

Wifi akamsogezea kitabu.

Kuzifungua ilikuwa kazi ya dakika kumi. Gundi ya unga haina ubishi mbele ya mvuke. Lakini fundi aliogopa, tena aliogopa kweli. Sauti ya kaka yake hakuwa nayo popote, ila yale masimulizi, na yote yaliishi katikati ya karatasi mbili zile. Ukurasa wa kweli ukitoka, si utayafukuza?

"Shangazi," mtoto akasema, "huyo mtu bado yumo kabatini? Sitaki akae na nguo za baba."

Fundi akawasha jiko, akateleka birika.

Mvuke ulipanda taratibu, ukafuta dirisha, ukafuta mtaa. Harufu ya unga uliolowa ikamrudisha kwenye chumba kile chenye kitanda kimoja, na kwa kitambo hakujua kama ana miaka sita au arobaini na tatu. Akapenyeza kipande chake cha mfupa cha kukunjia karatasi. Karatasi zikaachia bila kuchanika.

Bwana Vidole alikuwa hana uso. Mtu alikuwa amemchokoa macho kwa ncha ya penseli, akamkwangua mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Chini, kwa mwandiko wa mtoto, maneno yaleyale mara tatu: Taa ikiwaka haji. Taa ikiwaka haji. Taa ikiwaka haji.

Wifi alijifunika mdomo kwa mkono. Fundi akalia waziwazi, machozi yakamdondokea mikononi, akasogeza kitabu yasije yakakilowesha.

"Kumbe ni yeye," akasema. "Muda wote ule, ni yeye."

"Baba alikuwa anaogopa?" mtoto akauliza.

"Sana, mama. Kuliko mimi."

"Na bado alikaa upande wa kabati?"

"Kila siku."

Mtoto alifikiri. Nyuma yao lilikuwepo kabati la fundi la kuwekea karatasi, refu, mlango wake haufungiki vizuri tangu zamani. Mtoto akashuka, akaburura stuli mpaka pale, akaubana mlango kwa mgongo wake.

"Soma, shangazi," akasema. "Huku nitakaa mimi."