Wakono Warudi Mikono Tu

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, dada wa mapokezi wa kampuni ya michezo ya kompyuta alikuwa anapangusa meza yake kwa kitambaa cha njano, Wakono wakaingia. Walikuwa kumi na wanane, na mafurushi yao, kila mmoja na mikono minne, vilevile walivyochorwa kwenye mchezo wa kampuni hiyo tangu sehemu ya kwanza hadi ya tatu. Kuanzia sehemu ya nne hawakuwemo tena, na hakuna aliyeeleza walikokwenda.

"Andikeni majina," dada akasema, akisukuma daftari la wageni. "Kila mtu kalamu moja, jamani, siyo nne."

Wakaketi kwenye makochi. Mama wa chai aliona vikombe havitoshi, akaenda kuazima ghorofa ya juu. Aliporudi, kikongwe wao akampokea sinia kwa mikono miwili, na kwa ile mingine akamfunga vizuri kilemba kilichokuwa kimelegea.

"Ahsante, mwenzangu," mama wa chai akasema. "Mmefuata nini?"

"Mimi nimemfuata mzee wangu. Siku waliyotufuta nilikuwa nimetoka kuteka maji. Yeye kalala chumba cha nyuma, maharage yako jikoni. Hawakumwona. Wamemwacha humo humo."

Mama wa chai akaitikia kwa kichwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu kompyuta ya dirishani inanuka maharage yanayoungua. Dawa yake ilikuwa kufungua dirisha.

Saa nne mkutano ukaanza: sehemu ya saba, Wakono warudi au wasirudi? Wachezaji walikuwa wametuma barua elfu kumi na moja. Mmoja alitaka warudi wakiwa majambazi. Mwingine aliapa kwamba wakirudi atauza kompyuta anunue mbuzi. Waliokaa kwenye makochi hawakuulizwa.

"Kwani waliondolewa kwa nini?" mkurugenzi akauliza.

Mchoraji akajikuna shingo. "Vidole, bosi. Ishirini kila mtu, hapo hujagusa vya miguu. Nilichoka."

"Basi?"

"Basi, bosi."

Kabla ya saa sita mkurugenzi akatokea mapokezi na mchoraji nyuma yake, anatabasamu.

"Habari njema. Mnarudi. Ila mikono tu. Mchezaji atanunua jozi, ambandike shujaa wake."

"Na mlango?" kikongwe akauliza.

"Mlango upi?"

"Wa chumba cha nyuma."

Mchoraji akacheka kwa upole. "Bibi, ule si mlango. Niliuchora tu ukutani. Haufunguki."

"Nimeufungua miaka arobaini. Bawaba ya chini inalia."

Mchoraji akaandika "bawaba" kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni. Kisha akawapanga mstari, akawapiga picha mikono, mbele na nyuma, na waliovaa pete akawaomba wavue.

Siku hizi Wakono wanaosha vyombo vya ofisi, na kwa kweli vinang'aa. Kila saa kumi alasiri kikongwe huvuta kiti mbele ya kompyuta ya dirishani, akajifuta mikono yote kwa aproni.

"Mzee! Geuza maharage."

"Nimegeuza," sauti hujibu humo ndani, na kikohozi juu yake. "Yameshika chini. Na wewe, ni maji gani hayo unateka mwaka wa tatu?"

"Foleni, baba," kikongwe humwambia. "Foleni ndefu."

Mama wa chai hufungua dirisha. Mkurugenzi ameshaagiza feni.