Kitako Kifupi cha Mjozi

Bunduki ililala chali juu ya taulo la jikoni, kati ya sufuria ya maharage na kopo la unga wa ngano, na Delphia Combs alisimama mbele yake na bisibisi mkononi, moyo ukimdunda kama msichana anayetaka kutoroka kwao. Alikwisha kuchomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Alikwisha kuvuta bolti nyuma, akachungulia chemba inamokaa risasi, kisha akaingiza na kidole, maana jicho huweza kumdanganya mtu lakini kidole hakina sababu ya kudanganya. Risasi zote alizipeleka chumba cha pili.

Nyumba ilikuwa yake mpaka alasiri. Arvil, mumewe, alikwenda mjini kwa daktari wa meno. Kitako kipya cha bunduki, cha mti wa mjozi, kilichochongwa kwa ajili ya watu wenye mikono mifupi, kilikuwa kimefichwa ndani ya kapu la nguo chafu, mahali ambapo Arvil hakupata kutia mkono tangu waoane.

Kesho yake ndiyo iliyokuwa Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda kindi, na huku kwetu milimani, mashariki ya Kentucky, siku hiyo haina mchezo. Ukoo mzima wa Combs huingia msituni kungali na umande, na sheria yao ni moja tu: anayerudi mikono mitupu ndiye anayewakaangia wote. Delphia alikaanga mwaka hata mwaka. Alikaanga kindi wakalainika, akaoka skonzi, akapika mchuzi mzito wa maziwa, na kwa jinsi alivyoyaweza mapishi hayo, watu walikwisha kusahau kwamba ile ilikuwa adhabu. Yeye hakusahau.

Alikuwa ndiyo kwanza ametia bisibisi kwenye skrubu ya chini ya bunduki wakati mlango wa nyuma ulipolia. Aliyeingia ni Oleta, dada yake Arvil, na bakuli la nyanya.

"Wifi, hiyo unayoivua nguo si bunduki ya kaka yangu?"

"Ni bunduki yetu. Funga mlango, nzi wanaingia."

"Akirudi akaikuta hivyo, hata yale meno aliyoachiwa na daktari yatadondoka."

"Basi tutampikia uji. Shika hapa, acha maneno."

Oleta aliweka bakuli, akashika. Mdomo wake ni pilipili, lakini hajawahi kumchongea Delphia kwa mtu yeyote.

Yote yalianza majira ya kuchipua, kwenye mashindano ya shabaha uwanjani kwa wazimamoto. Mjukuu wa Oleta alimpa Delphia amshikie bunduki yake ndogo wakati anafunga kamba za viatu. Delphia aliiinua begani hivihivi tu, kwa mazoea, na shavu lake likatua lenyewe juu ya mti. Hakuivutia shingo, hakuikunjulia mgongo. Jicho lilijikuta nyuma ya kilengeo, kile kichuma cha kulengea juu ya mtutu, kana kwamba limeitwa kwa jina. Aliirudisha bunduki ya watu, akaenda kukaa garini peke yake. Wiki hiyo hiyo akaagiza kitako kifupi kwa siri.

Ile ya nyumbani alikwisha kuipima zamani, akiwa bibi arusi. Unaweka kitako kwenye kiwiko, ndani, na kidole kifikie kifyatulio. Chake hakikufika. Alimwambia Arvil, na Arvil akamjibu bila ubaya wowote, "Kiwanda kinajua kazi yake, mama. Wewe nyoosha shingo." Naye akanyoosha.

"Sasa mbona uso umekushuka?" Oleta aliuliza.

"Naogopa."

"Kaka hana neno."

"Simwogopi Arvil. Siku zote nikikosa nasema moyoni, ni hiki kitako. Nikikosa na hiki kipya, nitasema ni nini?"

"Zungusha bisibisi," Oleta alisema, akaishika bunduki kwa nguvu zaidi.

Skrubu ilitoka. Pete ya chuma iliyobana mtutu ililegea, ikatoka nayo. Lakini mtambo wenyewe ulikataa kunyanyuka kwenye mti. Delphia alivuta, Oleta akavuta, bunduki ikang'ang'ania kama kupe. Oleta alikwisha kutaja nyundo, na Delphia akamwambia aiondoe hiyo nyundo kinywani mwake. Alifumba macho. Kila baada ya msimu alikuwa akiosha vyombo huku Arvil anasafisha bunduki nyuma yake, na sasa alimwona tena, kidole gumba kikisukuma kitufe cha usalama. Kitufe kile hupita toka upande hadi upande, na kikitokeza huku au kule hukwama kwenye ubao. Akakisukuma mpaka katikati, kisiwe kimefunga wala kimefungua. Mtambo ukanyanyuka mkononi mwake kwa wepesi wa kifuniko cha chungu.

"Ala," alisema Oleta.

Kitako cha mjozi kilipokea chuma bila ugomvi. Delphia akarudisha pete, akakaza skrubu mpaka ikagoma, akaiacha hapo, kwani anayezidisha hupasua mti. Akaipima kwenye kiwiko. Kidole kilifika. Akaiinua begani kuelekea ukuta mtupu, na shavu likatua. Akacheka peke yake, kicheko kikubwa kilichomtoa machozi.

Walikwenda nyuma ya ghala, penye tuta la udongo la kuzuia risasi. Oleta alibandika sahani ya karatasi yenye alama nyeusi katikati, wakavaa viziba masikio. Delphia akapiga risasi tano, moja moja, akipumua katikati yake, kisha akaifungua bunduki ikiwa tupu na kuilaza chini. Wakaenda kutazama.

Ile alama nyeusi ilikuwa safi kabisa.

Delphia alivua viziba masikio. Basi ndivyo alivyo. Hakuna kiwanda wala kitako, ni yeye. Aligeuka kwenda zake nyumbani, kesho akaange kama kawaida na asiseme tena.

"Moja imegusa huku pembeni," Oleta aliita. "Wifi. Hebu rudi."

Chini kushoto, karibu na ukingo wa sahani, palikuwa na tundu moja. Delphia aliinama. Kingo za tundu zilikuwa zimechanika tena na tena, risasi ikipita juu ya njia ya risasi. Zote tano zilikuwa humo. Alikuwa ameishi na wawindaji vya kutosha kujua maana yake: risasi zikitawanyika, mkono ndio mbaya, zikikusanyika mahali pasipo pake, kilengeo ndicho kimepotoka.

Walikuwa bado wameinama pale gari la Arvil liliposimama. Alikuja na shavu limevimba, akaiokota bunduki, akahakikisha iko tupu, akaitia begani. Kiwiko kilimkunjika kama anajikuna kwapa. Kisha akaiona sahani.

"Nani kapiga hii?"

"Mimi simo," Oleta alisema.

Arvil aliweka kidole gumba juu ya tundu. Kilifunika lote.

"Miaka yote nimenyoosha shingo, Arvil," Delphia alisema. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hakujaribu kuificha.

"Naona."

Alikwenda garini, akarudi na nyundo ndogo ya shaba na kipande cha kugongea, akapiga magoti. "Kilengeo hiki nilikiweka kwa jicho langu," alisema kwa nusu ya mdomo uliokuwa haujafa ganzi. "Nikikisogeza, kitafuata jicho lako, kitakuwa chako. Hata mkinirudishia kitako changu, mimi kesho nitapiga kando."

Delphia angeweza kusema basi, tutapokezana. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, aliyazoea. Lakini aliitaka ile bunduki, aliitaka yote, na furaha ya kuitaka ilimpanda mpaka masikioni.

"Sogeza," alisema.

Arvil akagonga taratibu kuelekea kulia, akainua kilengeo kidogo, akapuliza vumbi, akampa. Kisha akarudi nyuma yake, hatua mbili, pale ambapo yeye Delphia ndiye husimama siku zote, akashika kopo la risasi, akangoja apige.