Galoni ya Nne

Kabla ndege haijaruka kwenda Bukavu, kila kitu kilipimwa kwenye mizani ya pamba. Mizani hiyo ilisahauliwa na wanunuzi wa pamba wa zamani, ikakaa chini ya bati kwenye uwanja wa nyasi, nje kidogo ya Uvira, njia ya kwenda Luberizi. Zilipimwa ndagala kavu, dagaa wa ziwani, ndani ya magunia, ukapimwa mchele, wakapimwa abiria pamoja na kuku wao, na mwisho wakapimwa marubani. Asubuhi moja mama wa mtaa wa Kimanga aligombana na mpimaji kwa sababu mizani ilimfanya mnene kuliko juma lililopita. Baada yake akapanda Kapiteni Térence, Mbelgiji mrefu mwenye mifupa mikubwa. Akavua viatu vyake vya chuma, na mshale wa mizani haukutikisika hata kidogo. Mpimaji alikuwa amemshika mkanda ili upepo wa ziwani usimchukue. Akamvalisha viatu vyake, akaita gunia lililofuata.

Ndivyo kazi ile ilivyokuwa, na mtu wa kushangaa basi hakuwa wa Uvira. Kila galoni, ule mstari wa dhahabu wanaoshonewa marubani begani, iliondoka na sehemu ya uzito wa mwenye bega. Ya kwanza ilikupunguzia kama debe la maji. Ya pili ilikufanya uruke mtaro ulipotaka kuuzunguka tu. Ya tatu ilikuacha na uzito wa mbuzi, tena mbuzi wa kiangazi. Ya nne ndiyo ya kapiteni, na kapiteni hana uzito kabisa. Kampuni haikuona ubaya wowote, kwani kapiteni asiye na uzito ni nafasi ya gunia moja zaidi, na gunia hilo lilipakiwa kila safari.

Tofauti ilikuwa moja. Marubani wazungu waliletewa viatu vya chuma kutoka Ulaya, vimepakwa rangi nyeusi na vina kamba nzuri za ngozi. Marubani weusi waliambiwa kwamba mto Mulongwe umejaa mawe, waende wakachague.

Gratien Hatungimana alikuwa na galoni tatu na mawe katika kila mfuko. Alikuwa mtoto wa mkulima wa mpunga wa Katogota, akasomeshwa na mapadri, akawa mtu wa redio pale uwanjani. Mwaka wa uhuru wazungu wengi walivuka kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka, na magodoro juu ya magari yao. Kampuni ikabaki na ndege nzima na viti vitupu, ikakumbuka kwamba mtu wa redio ana macho na mikono. Wakamfundisha haraka, wakamkalisha kiti cha kulia, kiti cha rubani msaidizi. Cha kushoto kilikuwa cha kapiteni, na makapiteni walirudi kutoka Ulaya mmojammoja, joto la uhuru lilipopoa.

Gratien alijua kwamba anaruka vizuri kuliko Térence, na aliyesahau alikumbushwa. Mawingu ya Kamanyola, kwenye njia ya Bukavu, aliyafahamu kama mtu anavyofahamu majirani wake, yupi mkorofi na yupi wa kupita tu. Kila mwaka alimwendea direkteri wa kampuni kuulizia galoni ya nne. Direkteri alikuwa mtu wa adabu sana. Alijibu kwamba cheo kiko Léopoldville, kwamba kuna mtihani, kwamba kuna foleni. Na waliokuwa mbele kwenye foleni wote walikuwa wameshuka kutoka Ulaya mwaka uleule.

Mkewe, Spès, alikuwa na duka dogo la chumvi na sabuni pale Kimanga. Alimpenda mume wake na hakuificha, ndiyo maana alimsema kila siku. Jioni moja wakila ugali na mikeke, samaki wa ziwa lile, binti yao mdogo Agathe amekaa juu ya paja la baba yake ili baba asiinuke na upepo, Spès aliweka bakuli chini.

"Baba Agathe, wacha nikuambie. Shamba ya baba yako iko Katogota, inaota majani tu. Nyumba iko hapa. Mutoto ndio huyu. Acha hiyo kazi leo, ungali na uzito wa mbuzi. Mbuzi hata akiwa mudogo, anakanyaga chini."

"Nistaafu na miaka makumi tatu na ine? Watu watacheka."

"Wacheke. Kucheka hakuvunji mufupa."

"Spès, hakuna mutoto wa hii bonde alishakaa ku kiti ya kushoto. Hata mumoja. Minye mwenyewe nitakikalia."

"Na ukishapanda huko, nani atakushusha?"

"Weye."

Spès akacheka. Kisha akakasirika kwa sababu alikuwa amecheka, akaondoa vyombo kabla mume hajashiba.

"Minye niliolewa na mwanaume," alisema akiwa jikoni, "sikuolewa na moshi."

Basi mambo yalikaa hivyo. Angekwenda Léopoldville akasubiri foleni, angekosa ziwa, samaki na mke. Angebaki na galoni tatu, angelala nyumbani kila siku na kuzeeka upande wa kulia. Angestaafu, angelima. Gratien aliyapima yote matatu akiwa angani, mahali alipofikiri vizuri zaidi, na kila aliposhuka alikuta bado anataka kiti cha kushoto. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hata mama yake aliwahi kusema.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia Uvira. Siku hiyohiyo ndege ilipokuwa ikirudi kutoka Bukavu ilipigwa risasi juu ya mashamba ya Luberizi, ikatua na matundu mkiani. Kapiteni Térence alishuka, akayatazama matundu, akaingiza kidole kwenye mojawapo, akakumbuka kwamba mama yake ni mgonjwa huko Ubelgiji. Hadi jua linakaribia milima alikuwa ameshavuka mpaka na viatu vyake.

Direkteri alifika kwa gari, hakuzima injini. Alitoa galoni ya nne kwenye mfuko wa shati, akampachika Gratien begani kupitia dirishani. Hakukuwa na Léopoldville, hakukuwa na mtihani, na foleni yote ilikuwa imejificha ng'ambo ya mpaka.

"Félicitations, Kapiteni," akampongeza.

"Asante, bwana direkteri. Na viatu?"

"Viatu vitafuata."

Gari likaondoka. Vumbi halijatulia, miguu ya Gratien ikaachana na nyasi; mawe yake ya galoni tatu hayakumtosha tena. Mpimaji alimdaka mkanda, akamfunga kwenye nguzo ya bati, akamtuma mtu kwenda kumwita mkewe. Spès alikuja mbio. Alimkuta mume anaelea usawa wa paa, kofia imekaa sawa, uso unang'aa kama wa bwana arusi. Alifurahi kwa ajili yake, na hapohapo akatamani kumzaba kofi, ila hakumfikia.

Watu wa bonde na watu wa milima wana desturi moja: mtu akipata ukubwa, rafiki yake humletea ng'ombe. Ng'ombe huyo hauzwi, hachinjwi, wala hakataliwi. Mzee Kayumba alikuwa mfugaji wa nyanda za juu, Mprotestanti asiyeonja pombe, na Gratien aliwahi kumletea dawa za mifugo kwa ndege bila kumwambia mtu. Kayumba akashuka milima miwili katikati ya vita vile, akipita kwa waasi akisali na kwa askari akisali, akamleta Bihogo, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu.

"Kwetu tunamupa mukubwa ng'ombe ili asisahau majani," alisema. "Ila weye, ninaona kamba ndio utaihitaji mbele."

Tangu siku hiyo kapiteni alitembea Uvira amefungwa kiunoni kwa kamba ya Bihogo. Ng'ombe alikwenda mbele akila alichokiona, kapiteni akamfuata juu kidogo, akisalimia watu. Waasi kwenye kizuizi walipekua kikapu cha Spès, wakapekua pembe za ng'ombe, wakamwambia kapiteni apite.

Na kiti cha kushoto? Ee, kilimkaa! Alijifunga mkanda, akashika usukani, na ndani ya ndege hakuna aliyeweza kumtofautisha na mtu mwenye uzito. Uwanja ulikuwa leo wa jeshi, kesho wa waasi, na kila upande ulikuwa na watu wa kuwatoa mjini. Lile gunia la kampuni, lililopakiwa badala ya uzito wa kapiteni, Gratien aliliacha nyasini. Mahali pake alimweka mtu. Kila safari aliondoka na mtu mmoja zaidi ya viti vya ndege: sista mwenye malaria, mama wa mimba iliyofika, askari asiye na mguu, mwasi asiye na sikio. Aliruka chini sana juu ya maji, akapanda ghafla kabla ya milima, akatua Bukavu akiimba zaburi za masifu ya jioni. Hakumpoteza abiria hata mmoja. Alipoulizwa kama haoni vibaya kukosa uzito, alisema uzito anao, ila umehamia Bukavu na mwingine umeshaanza kazi sokoni.

Spès alisikia maneno hayo kwa watu, akajifungia dukani akalia kidogo. Kisha akafungua, akauza chumvi.

Vita vilipogeuka, jeshi likaurudisha mji mikononi mwake. Katika fujo hiyo Bihogo aliliwa. Askari walisema ni waasi, waasi walisema ni askari, na Kayumba aliposikia huko juu alisema tu kwamba ng'ombe wa zawadi akifa, urafiki haufi. Kapiteni Térence naye akarudi, mama yake amepona.

Direkteri alikuja na gari jipya. Safari hii alizima injini. Alipanda ngazi ya kupakilia ili amfikie Gratien, aliyefungwa tena kwenye nguzo ya bati, akaitoa galoni ya nne polepole, bila kuchana shati.

"Cheo kilikuwa cha muda," akasema. "Cha wakati wa shida. Tunakushukuru sana. Kiti chako cha kulia kinakungoja."

"Na uzito wangu?"

"Uzito gani?"

"Ule uliondoka na hiyo galoni."

Direkteri akamweleza kwa adabu. Kanuni ilikuwa wazi: kampuni humrudishia uzito kapiteni anayestaafu akiwa na miaka hamsini na mitano. Gratien hakuwa kapiteni, kwa hiyo kanuni haikumhusu. Zaidi ya hapo, mtu wa galoni tatu anapaswa kuwa na uzito wa mbuzi, na kama yeye hanao, basi ameupoteza mwenyewe, na kampuni haiwezi kuulizwa habari za vitu vilivyopotezwa na wafanyakazi.

Gratien alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Kiti ya kulia ninaijua," akasema. "Mupatie mwingine. Minye nimestaafu."

Akazivua mwenyewe zile tatu zilizobaki, akamkabidhi. Akangoja kidogo, pengine kitu kitarudi. Hakikurudi kitu. Spès alikuwa amesimama chini na kitenge mkononi, Agathe ameshika sketi yake. Aliona mume wake anangoja kitu kisichokuja, roho ikamuuma sana, akaona afadhali afanye kazi. Akamvuta mguu, akafungua kamba, akageuza mgongo, akainama, akamfunga kwa kitenge kama mama anavyofunga mtoto, akakaza fundo kifuani.

"Ulisema minye ndio nitakushusha," akamwambia. "Haya, tushuke Katogota. Mupunga haujilimi."

"Kutoka huku juu nitaona maji yamefika wapi," Gratien akasema. "Utalima bila kukosea hata shimo moja."

"Utaona, na jembe utashika. Nitakufunga jiwe."

Walikuwa hawajaufikia mti wa mwisho wa uwanja walipoitwa kwa nyuma. Alikuwa Candide, mwalimu wa hesabu kutoka Luberizi, aliyeajiriwa juma lile awe rubani msaidizi wa akiba. Galoni zake tatu zilikuwa mpya, na mifuko yake ilivuja maji kwa sababu mawe alikuwa ameyatoa Mulongwe asubuhi ileile. Alivua kofia kwa heshima.

"Pole, Kapiteni. Pole, Mama Agathe. Ninaulizia kitu kimoja tu. Ile kiti ya kushoto, inaweza kupatikana wakati gani?"

Gratien alifikiri, maana swali lilikuwa la kikazi na lilistahili jibu la kweli.

"Wakianza kupiga risasi tena," akasema.

Candide alishukuru, akapanda ndege, akakaa kulia.