Mistari Saba ya Jangwani

Ramani ilipaswa kutumwa saa sita, na sasa ilikuwa saa tano na robo. Watafuta maji fulani, waliopiga kambi kwenye jangwa la nchi ya mbali, juu milimani, walikuwa wametuma picha zilizopigwa kutoka angani kwa biro moja ndogo ya wachora ramani, mjini Kalemie. Ramani ya kipande hiki kimoja ikiwapendeza, biro hiyo ingepewa kazi ya kuchora jangwa zima. Isipowapendeza, Fanny, mchoraji wake kijana, angerudi kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mama yake. Ndagala si aibu, lakini loo, alivyoipenda kazi hii!

"Futa hizo barabara saba," alisema Papa Germain, mukubwa wake, akionyesha mistari iliyolizunguka bonde kwenye ramani. "Wametaka milima na mabonde tu."

Mzee huyo alipima barabara miaka thelathini, Nyunzu mpaka Manono. Kwake kila mstari njo barabara. Mwonyeshe mikunjo ya suruali, atakuuliza daraja liko wapi.

Fanny akafuta mmoja. Wa pili ukamtia shaka. Akasoma mwinuko wake kaskazini mwa bonde: mita 3,112. Kusini: 3,112. Akasoma mashariki. Namba ileile!

"Papa! Barabara gani inazunguka bonde lote, haipandi wala haishuki?"

"Ya watu wavivu."

"Ya maji, Papa! Ziwa lilipofurika likaingia nyumbani kwetu, kisha likawa linarudi kidogo kidogo, liliacha mistari ukutani namna hii hii. Hapa kulikuwa ziwa!"

"Jangwani? Mutoto wa muvuvi, wewe hata kwenye sahani ya supu unaona ziwa. Watatucheka, na kazi itatuponyoka."

"Basi wanicheke mimi!"

Akaurudisha mstari aliofuta, akaipaka yote saba buluu, akaandika "ufukwe wa zamani" na kutuma kabla mzee hajafungua tena mdomo.

Jibu lilikuja saa nane. Picha: kiganja cha mtu, kimejaa mchanga wenye unyevu na magamba meupe ya konokono wa majini. "Tumechimba kwenye mstari wenu wa pili. Kisima tulitaka kukiweka mahali pengine kabisa! Tuchoreeni jangwa lote."

Fanny alipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia dirishani. Alicheka, akalia, akacheka tena.

Papa Germain alikuwa bado anayatazama yale magamba.

"Miaka thelathini," alisema polepole. "Sijui nimefuta fukwe ngapi."

Akafungua kabati, akatoa ramani zake za zamani, zote, akazitandaza mbele ya Fanny na kumvutia kiti.

"Ikaa, mama. Unionyeshe."