Meno ya Paskalia

Kuchomelea bodi ya tochi kunataka mikono mitatu: mmoja wa kushika bodi, mmoja wa pasi ya moto, mmoja wa waya unaoyeyuka. Paskalia, Mungu alimpa miwili kama wenzake, kwa hiyo waya aliubana kwa meno. Alianza hivyo kule Runzewe akitengeneza redio, akaendelea hivyohivyo alipohamia karakana ya Deusdedit pale Nyasubi, na sasa mwaka wa kumi na moja ulikuwa unakatika. Wageni wakija, Deusdedit aliwapeleka mezani kwa Paskalia makusudi. "Mwoneni huyu," alikuwa akisema, "mashine gani itamfikia?"

Basi ikaja oda ya tochi mia mbili za kichwani, za wachimbaji wadogo, na mnunuzi akaleta na fomu yake. Fomu ilitaja sumu zisizotakiwa ndani ya tochi: risasi, zebaki, kadmiamu na ndugu zao wengine. Salome, aliyekaa meza moja na Paskalia, alicheka mpaka akafuta machozi. Zebaki! Huko maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, watu wanaichanganya na mchanga wa dhahabu kwa viganja vitupu, kisha wanakula ugali, leo mtu anaogopa chembe iliyojificha ndani ya tochi? Lakini fomu haina masikio. Waya wa zamani wenye risasi ukatupwa stoo, ukanunuliwa mpya usio na risasi. Deusdedit akasema wazi mbele ya akina mama wote sita wa karakana: tochi hizi zikikataliwa, anafunga mlango.

Waya mpya ulikuwa mkaidi. Ulitaka moto mkali, na kwenye meno ulikuwa mgumu kama msumari. Paskalia aliutukana kwa Kisumbwa wiki nzima, kisha akauzoea. Jumanne akafungua roli la mwisho, akabana waya, meno yakazama.

Akautoa, akautazama. Lebo ilisema hauna risasi. Lakini baba yake alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa mitaani, na Paskalia alijifunza kung'ata madini kabla hajajua kusoma. Ulaini huu aliujua, ndio uleule wa miaka yote. Akampelekea Deusdedit.

"Lebo ipo, risiti ipo," Deusdedit alisema bila hata kuinua uso. "Kwani meno yako ndiyo maabara, Mama Blessing?"

Haya. Akarudi mezani, akachomelea tochi arobaini na mbili kwa waya ule, akazipanga zote kwenye boksi moja, la chini kabisa. Deusdedit akatia sahihi kwamba tochi zote mia mbili ni safi.

Ijumaa mkaguzi akafika kutoka Mwanza, kijana mpole anayeitwa Kalisti, mkononi kashika kipimo mfano wa drili. Akaamkia, akaitikiwa. Akachukua tochi tano za boksi la juu, akazifungua, akazielekezea kipimo moja moja. Safi zote. Akachomoa kalamu. Salome akamfinya Paskalia paja chini ya meza kwa furaha.

Tusimfanye Paskalia malaika. Wachimbaji hakuwafikiria hata kidogo saa ile. Ile kauli ya maabara ilikuwa imemkaa kooni tangu Jumanne, na hasira ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Pima na boksi la chini," alisema.

"Mayo! Unatuua," Salome alinong'ona.

Kalisti akapima moja, akapima ya pili. Mwisho wa ruhusa ni sehemu moja ya risasi katika elfu. Kipimo kilisoma karibu mia nne katika elfu hiyo. Deusdedit akatafuta kiti.

"Ulijuaje, mama?" Kalisti aliuliza.

Paskalia akachukua ncha ya waya, akaing'ata, akamwonyesha alama za meno. "Huu unaingia. Ule mwingine hauingii."

Kijana akaisoma fomu upya. Kwa kuwa wamesema wenyewe kabla mzigo haujaondoka, alisema, oda haitakataliwa. Tochi arobaini na mbili zifunguliwe, risasi yote itolewe, zichomelewe upya. Atarudi baada ya wiki mbili. Salome alipiga kigelegele palepale. "Nilikosea, Mama Blessing," Deusdedit alisema kwa sauti ndogo, na Paskalia alifurahi, tena hakuificha furaha yake.

Kalisti akawa anaandika namba za tochi, mara kalamu ikasita. Alikuwa anamtazama Paskalia mdomoni.

"Na ule waya wa zamani ulikuwa unaushika hivyohivyo?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Kijana akaigeuza fomu, akatazama nyuma yake, akairudisha mezani. "Hapa kuna nafasi ya bidhaa tu, mama," alisema taratibu. "Wewe nenda hospitali, wakupime damu."

Paskalia akaliangalia boksi. "Hizi zimekaa na risasi siku tatu, mnazifungua zote," alisema. "Mimi nifunguliwe wapi?"

Akavuta tochi ya kwanza, bodi mkono wa kushoto, pasi mkono wa kulia, na mdomo ukafunguka wenyewe kama ulivyozoea. Akaufunga.

"Salome," aliita, "njoo unishikie waya."