Blauzi ya Njano ya Justa

Tangu Adventina ahamie kwao Igoma, Suzana alikuwa haoni tena uso wa binti yake; aliona kisogo tu.

Adventina alikuwa dada wa mumewe, Rwehumbiza. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipopunguza watu, alikuja na sanduku moja na cherehani, akapewa chumba cha uani. Justa, mwenye miaka kumi na mmoja, alihamia huko kwa moyo wote. Akitoka shule alipita jikoni, "Shikamoo mama," kisha huyo, kwa shangazi yake, na mlango unarudishiwa. Kinachofuata ni vicheko. Suzana alibaki na mwiko mkononi, akijiuliza wanacheka nini.

Wakati huo mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na kwenye marobota ya mjini kulitoka vitu vya kila aina. Adventina akapata humo gazeti la mitindo la Kizungu, likiwa na karatasi za kukatia blauzi ya kitambaa cha fulana. Maneno yake hakuyajua, akafuata michoro. Alinunua kitambaa cha njano, akamketisha Justa mkekani.

"Angalia huu mshale," alisema. "Kitambaa hiki kinavutika upande mmoja tu. Pale kinapovutika ndipo pazunguke mwili. Ukikosea hapo, kichwa hakipiti."

Suzana alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Alisikia kila neno. Aliona pia jinsi Justa alivyoegemea bega la shangazi yake, mdomo wazi, akimeza maneno. Yeye alijaribu kumfundisha kusuka ukili wa mkeka, mtoto akapiga miayo.

Adventina akabandika karatasi kwa pini, kisha akakumbuka kwamba uzi wa njano hana. Wakatoka wote wawili kwenda dukani, wameshikana mikono.

Suzana aliweka ungo chini. Hakuwa amepanga kitu. Aliingia, akapiga magoti, akachomoa pini moja baada ya nyingine, akazungusha kitambaa hadi upande unaovutika ukawa wa urefu, akabandika karatasi zilezile mahali palepale. Kitambaa kilikuwa hakina maua wala mistari, nani angetambua? Moyoni alihisi raha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu.

Adventina alikata, akashona, na Jumamosi asubuhi akamwita Justa ajaribu. Blauzi ilikwama kwenye paji la uso. Mtoto alivuta, akavuta tena, akaanza kulia humo humo ndani, mikono juu.

Adventina akamvua taratibu. Alivuta kitambaa huku, akakivuta na huku. Kisha akasema, "Justa, kanawe uso."

Mtoto alipotoka, Adventina alimgeukia Suzana aliyesimama mlangoni.

"Wifi, tulipokwenda dukani uliingia humu?"

"Nilifuata ufagio."

"Ufagio unakaa jikoni kwako."

Suzana alitaka kukana. Badala yake kilichomtoka ni kingine kabisa. "Mimi ananiomba chumvi na daftari. Wewe anakusimulia ndoto zake! Nimemzaa mimi, wifi. Nimemlea mimi."

"Mimi simtumi maji," Adventina alijibu. "Simgombezi kwa vyombo. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu. Ungenigombeza mimi, ningekuelewa. Lakini umemliza mtoto."

Suzana aliona aibu, na wivu bado ulikuwepo, umekaa palepale na aibu, hata nusu haukupungua.

Adventina alichukua mkasi, akapasua bega moja la blauzi, akakunja kingo zake. "Hapa tutaweka vifungo. Vitundu vya vifungo mimi sivijui kwa mkono. Wewe unavijua."

Suzana alikata vifungo kwenye shati kuukuu la Rwehumbiza, akaketi kwenye mwanga wa dirisha, akatoboa na kuzungushia uzi, kitundu kimoja kimoja, mpaka jioni.

Jumapili Justa aliivaa kanisani. Aliporudi alikuwa anakimbia. Suzana alisimama njiani kwake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Njoo mwanangu, unieleze. Wamesemaje?"

"Ngoja kwanza nimwambie shangazi!"

Mlango ukarudishiwa. Vicheko vikaanza. Suzana alitazama maharage yakichemka, akayafunika, akapunguza moto. Kisha akavuka uani, akabisha hodi katika nyumba yake mwenyewe, akaingia.

Vicheko vilikatika. Adventina alimtazama.

"Na mimi nataka kusikia," Suzana alisema.

Justa aliwatazama wote wawili, akasogea kidogo kitandani. Nafasi ilikuwa finyu. Suzana akakaa.